Uzi wa Kijani wa Glenys Thurlby

Sijawahi kumwona Shangazi Glenys Thurlby ameketi. Kiti anacho, cha kukunja, na kila Jumapili hukitoa kwenye buti la gari lake, hukifungua vizuri nyuma ya meza, kisha huweka mkoba juu yake na kuanza kuzunguka. Anahamisha pasi kutoka kulia kwenda kushoto. Anageuza mabirika ya umeme ili midomo yote itazame upande mmoja. Anapangusa umande kwenye taa ya kitandani, anaondoka, anarudi, anaipangusa tena. Mama yangu husema siku Glenys akifa itabidi jeneza lipigwe misumari ya ziada, la sivyo atainuka kwenda kuangalia kama jiko limezimwa.

Namjua kwa sababu gari letu la chai huegeshwa mkabala na meza yake. Mama anakaanga bekoni na mayai, mimi nakaa dirishani, natoa chai na kupokea hela. Dirisha liko juu, kwa hiyo naliona gulio lote: safu kwa safu za magari yaliyofungua mabuti, watu wakiuza walichokitoa darini, kwenye banda, kwa marehemu bibi yao. Shamba ni la mzee Hides, upande wa Holbeach, mashariki mwa Uingereza, ardhi tambarare mpaka macho yanachoka, na upepo unatoka baharini bila kukutana na kitu cha kuuzuia. Shule niliisoma vipande vipande, maana gari la chai lilikuwa likifuata magulio. Kuangalia watu nimejifunza hapo dirishani.

Glenys alifanya kazi miaka mingi kwenye banda la kupakia vitunguu vya maua ya tulipu. Mume wake, Des, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme. Jioni alikuwa akitengeneza vya majirani bandani kwake, na Glenys ndiye aliyemshikia tochi. Ukimshikia mtu tochi miaka thelathini, anasema, utajua anachotafuta hata kabla hajakipata. Des alipofariki, banda lilikuwa limejaa pasi, mabirika na hita za kupashia vyumba joto ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Glenys akawapigia simu mmoja mmoja. Wengi walikuwa wameshanunua vipya. Ndipo akavipakia kwenye buti na kuja kwa mzee Hides.

Jumapili yake ya kwanza hakuuza kitu. Mtu akishika pasi, yeye anasema, "Hiyo inaacha doa la kutu ukiijaza maji mengi." Mtu akishika tosta: "Hiyo inaunguza upande mmoja." Hata walipokuwa wanasogea kwenye meza ya pili aliwafuata kwa maneno: "Na ile taa inayumba."

Mama akamuita kutoka dirishani. "Glenys, unauza au unatubu?"

"Watu wajue wanachonunua."

"Watajua. Lakini waache kwanza watoe mikono mfukoni."

Jumapili iliyofuata alikuja na nyuzi za sufu, zile zilizobaki baada ya kufuma masweta. Uzi wa kijani kwenye waya: nimekijaribu mwenyewe nyumbani na kimefanya kazi siku nzima. Uzi wa njano: kinafanya kazi ila kina kasoro, niulize. Uzi mwekundu: kibovu, cha spea tu. Na kile ambacho si kibovu tu bali ni cha hatari, alikuwa anakikata plagi kwa koleo la Des, waya unabaki mtupu kama mkia wa panya, hauwezi kuingia ukutani. Ndivyo alivyofanya Des maisha yake yote. Vya uzi mwekundu na vilivyokatwa plagi viliwekwa pamoja kwenye sanduku chini ya meza. Kuvitupa hakuweza. Kitu chenye kishikio kizuri na bati zima, alisema, kuna mtu mahali fulani anakihitaji.

Haikuchukua muda watu wakaanza kuniuliza dirishani, "Yule bibi wa nyuzi yuko safu gani?" Kwenye gulio la mabuti hakuna risiti. Gari likishatoka getini, umekwisha, hata kama ulichonunua ni boksi lenye tofali ndani. Kwa hiyo wanunuzi wa huku wana kanuni zao, na watoto wanazikuta nyumbani kama wanavyokuta sahani. Njoo na tochi kabla hakujapambazuka. Usioneshe kwamba umependa. Nusa waya. Muulize kwa nini anakiuza, halafu mwangalie mikono wakati anajibu. Na ya mwisho, ambayo kila mtu ana kisa chake cha kuisimulia: muuzaji akikukimbilia baada ya kununua, usisimame. Amegundua kitu kina thamani kuliko bei aliyokuuzia. Ingia garini, funga kioo, ondoka.

Sasa Jumapili hiyo ninayoisema mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Magari yaliingia yakiteleza, trekta la mzee Hides likiwa tayari karibu na geti kwa ajili ya watakaonasa. Giza lilikuwa bado halijaondoka, na walanguzi wa alfajiri walikuwa wameshaingiza vichwa vyao kwenye buti la Glenys, tochi zao zikigongana, kabla hata hajashusha meza.

"Tokeni humo," aliwaambia. "Mnanitia kichaa. Subirini niweke chini."

Royce Pinder hakusubiri. Huyu Royce ana meza mwisho kabisa wa shamba, karibu na ua wa miti, na jenereta ndogo inayokohoa. Anauza chochote: baiskeli isiyo na mnyororo, mazulia, manukato yaliyofunguliwa. Ana mdomo mtamu na kofia ya manyoya ambayo hata kiangazi haivui. Alikuwa amekwishalikumbatia lile sanduku la nyekundu lote.

"Nachukua yote, mama. Pauni tatu."

"Royce, hivyo ni vya spea."

"Rangi nazijua. Nyekundu simama, kijani pita."

"Usimpelekee mtu."

"Nampelekea mke wangu. Hanipendi, acha tujaribu bahati."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka. Glenys alichukua hela bila kucheka, akamwangalia mpaka alipopotea kati ya magari, kisha akaja dirishani kwetu akipangusa mikono kwenye koti.

"Mle ndani kuna ile hita ya kahawia," alimwambia Mama. "Ile niliyoiwekea mguu wa kizibo."

Kizibo hicho nilimpa mimi wiki iliyotangulia. Hita ilikuwa imepoteza mguu mmoja wa mpira, ikawa inachechemea, akaniomba kizibo cha chupa, akakichonga pale pale kwa kisu chetu cha mkate.

"Si ulisema ni nzima," Mama akasema.

"Niliiwasha bandani juzi. Inawaka vizuri, ndio ubaya wake. Nusu saa nzima inapumua kama mtoto aliyelala. Halafu inatakiwa ijizime yenyewe ikishapata moto, na haijizimi. Nilienda kuchota maji, narudi bati limekuwa jekundu na meza ya Des imeanza kutoa moshi." Aligeuka kutazama kule alikoelekea Royce. "Nimeikata plagi. Nimeikata fupi."

"Basi imekatwa. Kunywa chai."

Aliondoka na chai, akaiweka juu ya kiti, akaisahau.

Asubuhi ikaenda. Mvua ilikuja na kukatika, ikaja tena. Upepo ulipindua mwavuli wa mwanamke wa vyombo vya udongo na sahani zikaenda. Watu walikuwa na haraka siku hiyo, hakuna aliyesimama kupiga soga, kila mtu anatazama mawingu. Glenys aliuza birika, pasi mbili, akarudi kulihesabu sanduku ambalo halipo. Nilimwona akiinama chini ya meza, pale linapokaa siku zote, na kuinuka tena.

Kisha akaja kijana mmoja, mrefu, amevaa koti la mvua lililotuna kifuani. Nilidhani ameficha mbwa. Alipofungua zipu kidogo kikatokea kichwa cha mtoto mchanga chenye kofia ya njano.

"Chai moja, yenye sukari nyingi," alisema. "Huyu hajatulaza. Anaitwa Nell. Mimi naitwa Kieron, lakini siku hizi naitwa wewe-amka."

Akaweka alichobeba kwenye ubao wa dirisha ili apate mkono wa kutoa hela. Ilikuwa hita. Ya kahawia. Kwenye waya wake ulifungwa uzi wa kijani, na mwisho wa waya kulikuwa na plagi nyeupe, mpya, inang'aa.

Nikainama kidogo kama naokota kitu. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa kizibo.

"Umenunua kwa Glenys?" nikamuuliza.

"Yule bibi wa nyuzi? Mwenyewe sikumfikia, kuna foleni. Nimenunua kwa jamaa mmoja kule mwisho, ila ni ya kwake, ona uzi." Alikuwa anajivuna kidogo. "Na sikununua kijinga. Nimemwambia aiwashe kwenye jenereta, nimesimama nayo mpaka imepata moto. Nimenusa waya. Nimemuuliza kwa nini unauza. Chumba cha mtoto wetu ni kama friji, mwenye nyumba kila siku fundi anakuja, fundi anakuja. Leo usiku Nell atalala kama malkia."

Maneno hayanitoki haraka. Nilisema, "Subiri kidogo. Usiondoke nayo."

Aliniangalia. Nikaona uso wake ukibadilika, ule uchovu wa kirafiki ukaondoka.

"Kwa nini nisubiri?"

"Nimwite Glenys."

"Aa," alisema, na akatabasamu kama mtu aliyeshtukia mchezo. "Hapana, dada. Nimeshalipa." Akaikwapua hita, akaacha chai, akaondoka haraka kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Niliruka kutoka mlango wa nyuma. Mama akanipigia kelele huku akikaanga mayai. Glenys alikuwa anamwonesha mwanamke jinsi ya kufungua tosta, ameshika bisibisi.

"Shangazi, ile ya kizibo. Ina plagi. Ina uzi wa kijani. Mtu ameinunua kwa ajili ya chumba cha mtoto."

Hakuuliza mara ya pili. Aliweka tosta mikononi mwa yule mwanamke, akachukua koleo la Des, akatoka mbele ya meza yake. Sikuwahi kumwona akiiacha meza, hata kwenda msalani huwa anamwomba mtu asimame. Sasa aliiacha wazi na kopo la hela juu yake.

"Ameelekea wapi?"

"Getini. Koti la kijivu."

Tulikimbia. Glenys ana miaka sabini na kitu na gambuti zinazompwaya, alikuwa anakimbia kwa hatua fupi fupi na kila hatua matope yanamshika na kumwachia. Safu ya kwanza, safu ya pili. Watu walitupisha. Mmoja aliyekaa nyuma ya vitabu akasema, "Eti Glenys kauza dhahabu," na wengine wakacheka, maana hapo mtu akikimbia ni kwa sababu moja tu.

Getini kulikuwa na foleni. Gari moja lilikuwa limenasa na trekta linalivuta, mengine yamepanga nyuma yake yakinguruma. Kieron alikuwa kwenye gari dogo la bluu, la tatu kutoka mbele, mtoto amefungwa kwenye kiti chake nyuma, hita imewekwa kwenye kiti cha mbele kama abiria. Glenys akagonga kioo.

Kieron alimtazama, akaangalia mbele. Kioo hakikushuka.

"Kijana. Fungua. Hita hiyo ni mbovu."

Alisema kitu ambacho hatukukisikia. Glenys akagonga tena, kwa kiganja.

Kioo kikashuka kidogo, upana wa vidole vitatu. "Bibi, samahani. Baba yangu alinifundisha kanuni moja tu ya maisha, na ndiyo hii. Sirudishi."

"Sitaki uirudishe."

"Kila mtu husema hivyo. Ni ya zamani, eh? Kuna mtu kakwambia inatafutwa?"

"Inaunguza nyumba. Nimeijaribu mimi, imechoma meza ya mume wangu. Nilikata plagi. Mtu kaweka nyingine."

"Na uzi? Uzi wako si huu hapa? Kijani. Kila mtu hapa anajua kijani ni nini. Ulifunga mwenyewe, sasa unaniambia mbovu. Nikuamini ulipofunga au nikuamini sasa?"

Nilimwona Glenys akiutazama ule uzi kupitia kioo. Haukuwa hata wa sufu. Ulikuwa uzi wa plastiki, wa kufungia maua. Lakini kutoka mbali kijani ni kijani.

Huko mbele lile gari lililonasa likang'oka na matope yakaruka. Foleni ikasogea. Kieron akasogea nayo, Glenys akatembea pembeni, mkono juu ya paa la gari, kama mtu anayemsindikiza farasi. Gari la nyuma likapiga honi.

"Bibi, toa mkono. Nitakuumiza."

"Nitakupa hela yako. Mara mbili."

Nilijua kabla hajamaliza kusema kwamba amekosea. Kieron akacheka kwa huzuni. "Umeona? Sasa ni mara mbili." Kioo kikaanza kupanda.

Gari moja tu lilibaki mbele yake. Baada ya hapo ni geti, barabara, na hakuna anayejua anakaa wapi. Mtoto nyuma alianza kulia kwa sauti nyembamba. Glenys aliutazama ule upenyo wa kioo uliobaki, na nadhani hapo ndipo alipoacha kufikiri kama muuzaji. Akapitisha koleo la Des kwenye ule ufa, likaanguka mapajani mwa Kieron.

"Basi ivunje," alisema. "Sitaki hela, siitaki hita. Ivunje mwenyewe, sasa hivi, mbele yangu. Kata waya pale unapoingilia kwenye bati. Chukua jiwe uipasue. Anayetaka kuuza kitu hawezi kukuomba ukivunje. Niambie, anaweza?"

Gari la mbele likatoka. Geti likawa wazi. Mtu wa trekta akapunga mkono, njoo, njoo. Nyuma wanapiga honi watatu kwa pamoja.

Kieron hakusogea. Alikuwa ameshika koleo, analitazama, anaitazama hita. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba akilini mwake anazipitia zile kanuni zote, ya tochi, ya kunusa, ya mikono, na katika zote hakuna iliyosema kitu kuhusu muuzaji anayekukimbilia ili uvunje.

"Ukinidanganya," alisema polepole, "mimi ndiye ninabaki bila hita."

"Ndiyo."

"Na wewe hupati kitu."

"Sipati kitu."

Aliivuta hita, akaigeuza. Akafungua skrubu za ile plagi mpya kwa ncha ya koleo, labda apate muda tu wa kufikiri. Ndani kulikuwa na nyaya mbili zimefungwa ovyo. Ya tatu, ile inayopeleka umeme ardhini ukileta matata, ilikuwa imekatwa na kukunjwa nyuma, kwa sababu ilikuwa fupi haikufika. Glenys alikuwa amekata fupi, kama alivyosema.

Kieron alikata waya pale kwenye bati. Kisha akakata tena, na tena, vipande vikamwangukia miguuni, mpaka mtu wa trekta akaja kuuliza kama ana ugonjwa wa kichwa.

Tulilisogeza gari pembeni. Glenys alisema nimsubiri, akaenda peke yake mpaka mwisho wa shamba. Nilimfuata hata hivyo, nyuma kidogo. Royce alimwona akija na akavuta kofia.

"Usinianze, mama. Uliniuzia spea, nimezitia spea. Inawaka, haiwaki?"

"Ulifunga uzi."

"Uzi ni uzi. Hukuuandikisha serikalini."

"Kuna mtoto mchanga, Royce."

Royce aliangalia pembeni, kwenye jenereta yake. Aliichezea chezea. "Aliiwasha mwenyewe hapa. Mtu mzima. Alinusa mpaka nikadhani ataila." Kisha, kwa sauti ya chini, "Haikufanya kitu hapa."

"Ngapi nyingine?"

"Nini?"

"Umefunga uzi kwenye ngapi? Si leo tu."

"Hiyo moja tu."

Glenys alimwangalia mikono. Mimi pia. Mikono ilikuwa inazungusha kipande cha uzi wa plastiki, ikakiweka mfukoni.

"Hiyo moja," Royce akarudia. "Labda na lile birika. Birika haliui mtu."

Meza yake, Glenys alipoirudia, ilikuwa salama. Yule mwanamke wa tosta alikuwa bado amesimama pale, ameikumbatia, anawafukuza watu. Glenys alichagua hita ya umeme yenye mafuta ndani, ile nyeupe nzito, akaja nayo kwetu na kuichomeka kwenye jenereta ya gari la chai. Kieron alisimama pembeni, Nell kifuani. Aliangalia waya.

"Ina uzi wa kijani hii?"

"Usitazame uzi. Shika plagi. Ikiwa vuguvugu sawa, ikiwa moto hata kidogo, ichomoe. Shika na bati. Subiri ijizime, halafu subiri iwake tena, halafu ijizime tena. Mpaka hapo ndipo useme umeijaribu."

"Nitakaa hapa mchana kutwa."

"Kaa."

Alikaa. Mama, ambaye hatoi chai ya bure hata kwa askari, alimpa chai na mkate wenye bekoni. Kila baada ya muda Kieron aliinama akashika plagi kama anayempima mtoto homa. Ilijizima, ikawaka, ikajizima. Alipoondoka alitaka kulipa, Glenys akachukua alichompa bila kukitazama. Alikuwa anatazama watu. Kila aliyepita amebeba kitu chenye waya, yeye anautazama waya.

Jioni, wakati wa kufunga, alifungua nyuzi zote mezani kwake, kijani, njano, hata zile za nyekundu zilizobaki kwenye kopo, akazitia mfukoni. Mama akamwambia, "Glenys, umeacha kazi yote ile kwa sababu ya mshenzi mmoja?"

"Walikuwa hawaniulizi tena," alisema. "Wanaangalia uzi, wanalipa, wanaondoka. Mimi nilifurahi. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Siku hizi vitu vya hatari havifiki kwa mzee Hides. Glenys anavipasua kwa nyundo bandani na kuvipeleka kwenye vyuma chakavu, na inamuuma, nimemwona akitoa kishikio kimoja kizuri mfukoni na kukigeuza geuza. Mezani ameweka kipande cha boksi, ameandika kwa rangi ya kupakia ukuta: SINA UZI. NIULIZE. UZI WOWOTE UTAKAOUONA HAPA SHAMBANI SI WANGU. Anauza nusu ya alivyokuwa akiuza, kwa sababu sasa kila mtu lazima asimame ashike plagi, na watu wa gulio hawapendi kusimama.

Na kiti bado anakuja nacho. Anakifungua, anaweka mkoba, anamwomba mwanamke wa vyombo vya udongo amwangalizie meza, kisha anaingia kwenye safu. Nikiwa dirishani naiona kofia yake ikienda na kurudi kati ya mabuti, safu ya kwanza, ya pili, mpaka kwenye ua wa miti. Anainama kwenye meza za watu, anainua waya, anauachia. Wengine wanamtania, "Umepoteza nini, Glenys?" Yeye anahamia meza inayofuata. Lile birika bado hajaliona.

Mteja akiniuliza yule bibi yuko wapi, namwelekeza tu kwa kidole, nasema atapita, hakai.